Unafanya Kazi Gani? Mvuke wa Zebaki na Ubongo wa Mchoma Dhahabu

(Mhadhara kwa wakazi wa Mkuyuni, Mwanza)



Mzee mmoja amenishika mkono pale mlangoni akaniuliza kwa nini mhadhara wa zebaki uletwe Mkuyuni, kwa wauza samaki na mafundi gereji, wakati wachimbaji wako Geita. Mzee wangu, jibu liko barabarani. Mtu anayetoka Lwamgasa, Nyarugusu au Katoro na dhahabu yake mfukoni, akishavuka Busisi, jana kwa kivuko na leo kwa daraja, anapita Usagara, Buhongwa, Nyegezi na Butimba, halafu anapita hapa ndipo afike mjini. Na dhahabu iliyochomwa machimboni haiwi imeisha zebaki. Kinachobaki kinakuja kumalizikia mjini, dukani, pale mnunuzi anapoiyeyusha upya. Tena, ni nyumba ngapi hapa Mkuyuni ambazo hazina kijana aliyewahi kwenda kubahatisha machimboni? Hili ni jambo letu.

Nianze kwa kuondoa hofu moja, maana najua inakaa vichwani. Watu wakisikia zebaki ziwani, wanaanza kumtazama sangara kwa jicho baya. Ipo aina ya zebaki inayopita kwenye samaki, na ndiyo iliyowaangamiza watu wa Minamata kule Japani, maafa yaliyotangazwa rasmi 1956, baada ya kiwanda cha Chisso kumwaga taka zake baharini. Lakini samaki wa Ziwa Viktoria walipimwa miaka ya tisini, na kwa jumla walikutwa chini ya kikomo cha kimataifa. Kuleni samaki wenu. Zebaki ninayoizungumzia leo haili mtu kwa njia ya sahani. Inaingia kwa pumzi.

Wengi hapa mmeiona zebaki yenyewe: kimiminika cheupe kinachong'aa, kizito mno, uzito wake ukiwa mara 13 na nusu ya maji. Mchimbaji huichezea kiganjani na halafu anakwambia, ‘Mbona mimi nimeishika miaka yote na sijafa?’ Ana haki ya kusema hivyo, kwa sababu macho yake hayajamdanganya. Ngozi huipitisha kidogo sana. Hata mtu akimeza kitone, karibu chote hutoka na choo. Kinachobaki mwilini hakifikii sehemu moja katika 10,000. Sasa geuza: zebaki hiyohiyo ikiwa mvuke, ukiivuta puani, takriban asilimia 80 hubaki ndani yako. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Haukuchomi koo kama pilipili ikaangwapo, kwa hiyo mwili haukupi onyo la kukimbia.

Twende mwaloni, pale machimboni wanapooshea dhahabu, tuone inavyokuwa. Mawe yamesagwa kwenye karasha, unga umeoshwa kwa maji kwenye mtelemko wenye magunia au mazulia, na kilichonasa kimewekwa kwenye beseni. Hapo ndipo zebaki humiminwa, na mtu, mara nyingi kijana, huikanda kwa mikono mpaka ishikane na chembe za dhahabu. Halafu anakamua kwenye kitambaa. Zebaki ya ziada inachuruzika, ndani ya kitambaa linabaki donge la rangi ya fedha. Karibu nusu ya uzito wa donge hilo ni zebaki, nusu ni dhahabu. Donge linawekwa kwenye kipande cha bati au kwenye kijiko cha chuma, linawekwa juu ya mkaa, mtu anapuliza moto. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, na mkaa uliopulizwa vizuri unavuka hapo bila shida. Dakika chache tu, donge jeupe linaanza kuwa njano, na kila aliyesimama pale anasogea karibu aone. Huko kusogea ndiko kunakonikosesha usingizi mimi.

Tupige hesabu, kwa sababu hesabu inaeleza kuliko matisho. Chukua donge dogo la gramu 10. Likichomwa, gramu 5 za zebaki zimeruka. Gramu 5 za zebaki hazijazi hata sehemu ya kumi ya kijiko cha chai. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani wanapendekeza kwamba mfanyakazi asivute hewa yenye zaidi ya miligramu 0.025 za zebaki kwa mita moja ya ujazo. Ukitaka kuzisambaza gramu zile 5 mpaka zifike kikomo hicho, unahitaji mita za ujazo 200,000 za hewa. Chumba cha mita 4 kwa 4, chenye kimo cha mita 3, kina mita za ujazo 48. Kwa hiyo kidonge kimoja kinatosha kuchafua vyumba zaidi ya 4,000 vya namna hiyo. Mchomaji hana vyumba 4,000. Anacho kimoja, na mara nyingine ndicho wanachopikia na kulala watoto. Hewa ya chumba kimoja haiwezi hata kuubeba mvuke wote huo. Ziada yake inapoa na kuwa vitone vidogo mno kwenye mabati, kwenye ukuta, kwenye chandarua na kwenye shati. Kesho jua likipiga bati, vitone vinapanda tena hewani. Aliyechoma ameshaondoka kwenda kuuza; mama mwenye nyumba ndiye anayeendelea kuvuta.

Ikishaingia mapafuni, zebaki hii ina tabia inayoitofautisha na sumu nyingi. Chembe yake haina chaji ya umeme, na inayeyuka kwenye mafuta. Ubongo una ukuta unaoulinda, unaozuia vitu vingi vilivyomo kwenye damu, lakini ukuta huo umejengwa kwa mafuta, kwa hiyo chembe ya namna hii inapita. Ikishakuwa ndani ya seli inakutana na kimeng'enya kiitwacho katalesi, ambacho huibadilisha na kuipa chaji. Basi, mlango umefungwa. Yenye chaji haiwezi kurudi kwa njia ileile iliyoingilia. Inabaki kule, inajishikiza kwenye salfa iliyomo katika protini za seli za neva, na protini iliyoshikwa hivyo haifanyi tena kazi yake. Kwa mwili mzima, nusu ya zebaki iliyovutwa hutoka baada ya miezi kama miwili, hasa kwa mkojo, ndiyo maana figo nazo huumia. Ubongoni inaweza kukaa miaka.

Sasa dalili, na hapa nawaomba mnisikilize kwa makini.

Ya kwanza inayojulikana ni kutetemeka. Huanza kwenye vidole, kope na midomo. Mtu akitulia hutetemeka kidogo. Akinyoosha mkono achukue kikombe, mkono unazidi kuyumba kadiri unavyokikaribia. Niliwahi kuonyeshwa daftari la mchomaji mmoja, daftari la kawaida la shule, ambamo alikuwa akiandika gramu na bei na kutia sahihi kila alipouza. Kurasa za mwanzo sahihi yake ni nzuri, ina mkia wa madaha. Kadiri unavyofunua, mkia unakatika, herufi zinapanda na kushuka, na kurasa za mwisho ameacha kutia sahihi. Anaweka dole gumba. Yeye mwenyewe aliniambia ni uvivu wa mkono.

Ya pili ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu haionekani kama ugonjwa. Mtu anabadilika tabia. Aliyekuwa mcheshi anakuwa na haya ya ajabu, anakwepa watu, hataki kuangaliwa akifanya kazi. Usingizi unamkimbia. Anasahau alipoweka ufunguo, anasahau alichotumwa, halafu ukimkumbusha anafoka. Vitabu vya tiba vinaiita hali hii eretizimu na vimeieleza kwa miaka mingi. Kwetu inaelezwa kwa namna nyingine. Mke anasema ni gongo. Wenzake wanasema pesa imempanda kichwani. Mama yake anasema mwanangu amefanyiwa kitu, na safari ya kwa mganga inaanza. Ladha ya chuma mdomoni, fizi kuvimba, mate kujaa: hizo zinapelekwa duka la dawa na kununuliwa kidonge cha meno. Kila kipande cha ugonjwa mmoja kinapata jina lake, na hakuna anayevikusanya.

Sisemi kila anayetetemeka ana zebaki. Pombe hutetemesha, tezi la shingo likizidisha kazi hutetemesha, uzee na ugonjwa wa Parkinson hutetemesha. Ndiyo maana kuna vipimo, na vingine havihitaji umeme. Mwaka 2003, chini ya mradi wa zebaki wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, timu ya madaktari akiwemo Stephan Bose-O'Reilly wa Munich ilikwenda Lwamgasa, ile ambayo ripoti zao zinaiandika Rwamagasa. Walipima damu, mkojo na nywele. Lakini pia walimwambia mtu afumbe macho aguse pua yake kwa kidole. Walimwambia ageuze viganja juu na chini haraka. Walimpa kalamu agonge karatasi kwa kasi. Na walimwekea njiti za kiberiti mezani, azirudishe kwenye boksi moja baada ya nyingine, huku saa inahesabu. Jambo ambalo mtoto wa darasa la pili analifanya akicheza, mchomaji mwenye sumu anahangaika nalo.

Majibu yao: kati ya wachomaji 99 waliopimwa, 25 walikutwa wana sumu ya zebaki, na tofauti yao na watu wa Katoro waliochukuliwa kwa kulinganisha ilikuwa wazi. Katoro ilichaguliwa kwa kuwa wakati ule ilikuwa mbali na machimbo, kilomita 30 hivi. Anayeifahamu Katoro ya leo, ilivyochangamka kwa biashara ya dhahabu, atacheka. Robo ya wachomaji! Ingekuwa robo ya madereva wa daladala wa Mkuyuni wamekutwa na ugonjwa mmoja wa ubongo, mkutano huu usingefanyika leo. Ungefanyika miaka ile, na mkuu wa mkoa angekuwepo.

Wala hatukuwa wa kwanza kuambiwa. Mwaka 1700 daktari Mwitaliano, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu kuhusu magonjwa ya wafanyakazi. Aliwaandika humo mafundi waliokuwa wakipaka dhahabu kwenye vyombo kwa kutumia zebaki na moto, namna ambavyo hata wakigeuza uso pembeni hawaukwepi mvuke, na namna wanavyopatwa na kizunguzungu na kupooza. Miaka zaidi ya 300 imepita na mchomaji wetu bado anageuza uso pembeni. Ramazzini huyo ndiye aliyewaambia madaktari wenzake waongeze swali moja kwa mgonjwa: unafanya kazi gani?

Mwingine ni Alfred Stock, mkemia Mjerumani, msomi mkubwa. Huyu hakuchoma dhahabu. Alifanya kazi miaka mingi kwenye maabara yenye vyombo vya zebaki na madirisha yaliyofungwa. Kichwa kilimuuma, alipata kizunguzungu, akawa anasahau, na hakujua kwa nini. Alipogundua chanzo, mwaka 1926 aliandika onyo kali kuhusu hatari ya mvuke huo. Namtaja kwa sababu moja tu: watu hupenda kusema wachimbaji wanaumia kwa kukosa elimu. Stock alikuwa profesa wa kemia.

Tukirudi mjini kwetu, wako wanaovuta mvuke huu bila kuwahi kukanyaga shimo. Wa kwanza ni mnunuzi na kijana wake wa kuyeyusha. Dhahabu anayoletewa inaonekana safi, lakini ndani ya vitundu vyake bado mna zebaki, na moto wa gesi huitoa yote. Anayechoma machimboni anaweza kuchoma mara moja kwa siku, tena nje penye upepo. Kijana wa dukani anayeyusha asubuhi hadi jioni ndani ya chumba chenye nondo dirishani na mlango uliofungwa kwa usalama wa mali. Mali iko salama kweli.

Wa pili ni wafanyakazi wa elusheni, yaani mitambo ya kutoa dhahabu kwenye kaboni. Marudio, yaani udongo uliokwisha kupitishwa zebaki, huuzwa kwa wenye mavati, yaani matangi, nao huyaloweka kwenye sayanaidi. Sayanaidi haichagui, inayeyusha dhahabu, na inayeyusha na zebaki iliyosahaulika humo. Zote zinanasa kwenye kaboni, na kaboni ikifika elusheni ikapashwa moto, mvuke unatoka. Mfanyakazi atakwambia, ‘Sisi hapa hatutumii zebaki.’ Anasema ukweli, na anaivuta.

Nipite haraka kwenye sabuni, ingawa hiyo si habari ya mvuke. Dk. Masazumi Harada, daktari wa ugonjwa ule wa Minamata, alishiriki utafiti uliopima nywele za watu wa ukanda huu, wachimbaji, wavuvi na watu wa Mwanza mjini, uliochapishwa 1999. Baadhi ya waliokutwa na zebaki nyingi kupindukia hawakuwa wachimbaji. Walikuwa wakitumia sabuni ya kuchubua ngozi. Dada zangu, mmesikia.

Kuhusu kina mama na watoto siwezi kupita haraka. Mvuke huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni, ambaye ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Watafiti wa CUHAS, chuo chetu cha pale Bugando, wamefuatilia wajawazito katika maeneo ya machimbo ya kaskazini mwa nchi, na wakaona waliobeba zebaki nyingi zaidi walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kupoteza mimba, kujifungua kabla ya wakati na kupata watoto wenye uzito mdogo. Walipowafuatilia watoto, waliona pia ishara za ukuaji wa ubongo kuyumba. Kabla ya hapo, mwaka 2013, Human Rights Watch walichapisha ripoti kuhusu watoto wanaofanya kazi machimboni Geita, Shinyanga na Mbeya, wengine wakishika zebaki kwa mikono na kuichoma. Kama kuna mama hapa mwenye sufuria iliyowahi kuchomewa dhahabu, hiyo si sufuria tena.

Na yale maziwa? Kila nikizungumza na wachomaji naambiwa kuna maziwa ya kukata sumu. Maziwa yanakwenda tumboni. Mvuke umeingia mapafuni na umeshafika ubongoni. Kunyweni kwa afya, lakini msiyape kazi hiyo. Barakoa ya kitambaa nayo inazuia vumbi tu. Mvuke unapita kati ya nyuzi kama hauioni. Inayofaa ina kichujio maalumu cha kaboni kwa zebaki, na bei yake si ya mtu wa mwaloni.

Kipo kifaa cha bei ya fundi chuma: chungu cha chuma chenye kifuniko kinachobana na bomba linalopita kwenye maji. Donge linachomwa ndani, mvuke unapoa bombani, zebaki inarudi chupani kwa zaidi ya asilimia 90, na inatumika tena. Kimepelekwa machimboni mara nyingi na miradi mingi, na mara nyingi kimeishia kuwa kigoda. Wataalamu wakaandika kwamba wachimbaji wana mila ngumu. Mimi sikubali. Pale kwenye moto wanasimama mwenye duara, yaani shimo, mwenye karasha, mchomaji na mnunuzi, na hakuna anayemwamini mwenzake. Dhahabu ikifungiwa ndani ya chuma, macho yao yanafungiwa nje. Wanakaribia mvuke kwa sababu wanalinda mgawo wao. Atakayetengeneza chombo kinachoonyesha kilichomo ndani, au utaratibu wa mgawo unaoaminika, atakuwa ametibu watu wengi kuliko mimi. Kwa mwenye kifaa tayari: usikifungue kikiwa cha moto, utaupokea wote usoni kwa mkupuo.

Serikali iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki Oktoba 2020, nao unataka kukomeshwa kwa mambo ambayo mengi yake mmeyasikia humu humu: kuchoma donge wazi, kuchoma kwenye makazi ya watu, kumimina zebaki kwenye mawe yote badala ya unga uliochujwa, na kupitisha sayanaidi kwenye marudio ambayo hayajatolewa zebaki. STAMICO, shirika la madini la taifa, wana vituo vya mfano Lwamgasa, Katente na Itumbi vinavyochenjua bila zebaki. Ni mwanzo mzuri, lakini mwenye mifuko mitano ya mawe hasafirishi mawe mpaka kituoni. Anamfuata mnunuzi anayempa zebaki ya mkopo hapohapo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi Julai 2015, unamfidia mwenye mwajiri anayemchangia. Mchomaji wa mwaloni hana mwajiri. Ana tajiri.

Kwa ambaye ameshajitambua: kipimo cha mvuke ni mkojo, nywele haziwezi kueleza habari yake vizuri. Dawa za kuitoa zebaki zipo, DMSA na DMPS, ila zinatoa zaidi iliyomo kwenye damu na figo kuliko iliyojificha ubongoni. Tiba ya kwanza ni kuacha kuuvuta. Waliowahi mapema, mikono hutulia baada ya miezi. Waliochelewa, mingine haitulii.

Kabla ya maswali nina ombi. Kwenye kadi ya zahanati kuna mstari wa kazi, na karani wetu, kwa haraka ya foleni, huandika ‘mkulima’ kwa kila mtu. Daktari akisoma mkulima hatafikiria zebaki. Kwa hiyo msingoje kuulizwa. Ukiingia kwa daktari, au ukimpeleka mwanao, mumeo, mzee wako, tangulia kusema: nachoma dhahabu, nayeyusha dukani, nafanya elusheni, nafua nguo za anayechoma. Na wewe mwenye duka la dhahabu uliyekaa pale nyuma, weka feni ya kutoa hewa nje na bomba refu linalopita juu ya paa, mbali na dirisha la jirani, na umpeleke yule kijana akapimwe mkojo wiki hii.